Kupanga Mtaa Ili Mwizi Akose Maficho: Mwongozo kwa Kamati za Mitaa, Mafundi na Wasanifu

Nyumba ikivunjwa katika mitaa yetu ya mijini, jambo la kwanza analolifikiria mwenye nyumba ni kuongeza kozi tatu za matofali juu ya ukuta wake, na la pili ni kupachika vipande vya chupa au seng'enge juu ya matofali hayo. Jirani akiona hivyo naye huinua wa kwake. Baada ya miaka michache barabara nzima huwa imebanwa na kuta pande zote mbili, kiasi kwamba mpita njia anayekabwa saa mbili usiku haonwi na yeyote aliye ndani, na mwizi aliyekwisha kuruka ukuta hufanya kazi yake kwa utulivu kwa sababu walioko barabarani nao hawamwoni. Kila mwenye nyumba amejilinda peke yake, na barabara wanayoitumia wote imebaki bila mlinzi.

Mwongozo huu unafuata njia tofauti. Unaeleza jinsi ya kutumia usanifu wa barabara, kuta, taa, vibanda na viwanja ili uhalifu uwe mgumu kutendeka na rahisi kuonekana. Umeandikwa kwa ajili ya kamati za ulinzi na usalama za mitaa, wenyeviti na watendaji, vikundi vya wanawake na vijana, pamoja na mafundi na wasanifu wanaoombwa ushauri. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, ingawa mkazi wa Mwanza, Mombasa au Nairobi ataitambua mitaa yake humu. Kazi ya polisi na ya vikundi vya ulinzi shirikishi inabaki palepale. Kinachoshughulikiwa hapa ni umbo la mahali penyewe, ambalo doria haiwezi kulibadilisha.

Fikra yenyewe haikuanza jana. Mwaka 1961 Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi New York, aliandika kwamba barabara hulindwa kwanza na macho ya watu wanaoitumia na wanaoitazama kutoka madukani na madirishani. Mwaka 1971 mtaalamu wa elimu ya jinai C. Ray Jeffery alitoa hoja ya kuzuia uhalifu kwa kubadilisha mazingira, na mwaka uliofuata msanifu majengo Oscar Newman alionyesha jinsi sehemu zisizo na mwenyewe, kama vile ngazi na korido zinazotumiwa na mamia ya familia zisizojuana, zinavyogeuka makazi ya wahalifu. Mfano wake mashuhuri ulikuwa Pruitt-Igoe huko St. Louis, Marekani, mradi wa majengo 33 ya ghorofa 11 ulioanza kubomolewa mwaka 1972, miaka isiyofika 20 tangu wapangaji wa kwanza waingie. Mzee wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar angeweza kuwaeleza wataalamu hao jambo hilohilo akiwa ameketi barazani kwake. Mitaa ya huko ni myembamba, na kuta zake ni nene zenye madirisha machache upande wa chini, lakini kila baada ya mlango mmoja au miwili kuna baraza la mawe lenye watu wanaozungumza, na mgeni hapiti bila kusalimiwa, kuulizwa na kukumbukwa.

Hatua ya kwanza: Chora ramani ya matukio na saa zake

Kamati isianze kwa kununua chochote. Ianze kwa daftari. Kusanyeni matukio yote ya miezi 12 iliyopita na kwa kila tukio andikeni mambo matano: aina yake, mahali hasa lilipotokea, siku, saa, na namna lilivyotendeka. Kuandika kwamba mtu aliibiwa katika mtaa fulani hakusaidii. Andikeni kwamba alikwapuliwa simu na watu wawili waliokuwa kwenye pikipiki, kwenye kona ya msikiti, saa moja na nusu jioni, akiwa anasubiri daladala. Majina ya walioathirika yasiingie daftarini, kwa maana daftari hilo litasomwa na wengi.

Taarifa hazitapatikana zote kituo cha polisi, kwa sababu matukio mengi hayafikishwi huko. Waulizeni wenye maduka, mawakala wa pesa za simu, waendesha bodaboda wa kijiwe cha karibu, mama lishe wanaoamka alfajiri na walinzi wa usiku. Udhalilishaji wa wanawake na wasichana njiani karibu hautajitokeza kabisa msipouuliza, na anayeuliza awe mwanamke anayeaminika, pasipo wanaume kusikiliza.

Kisha chukueni karatasi kubwa, chora barabara, vichochoro, mitaro, nguzo za taa, vibanda, mapagale na vituo vya daladala, halafu weka alama moja kwa kila tukio, kwa rangi moja kwa yale ya mchana na nyingine kwa ya usiku. Mtaona alama zimelundikana mahali pachache. Huo ndio mwenendo wa uhalifu karibu kila mji uliochunguzwa: huko Minneapolis, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba takriban asilimia 3 tu ya anwani na makutano ya barabara ndizo zilizotoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Kwa kamati yenye fedha kidogo hii ni habari njema, maana haihitaji kubadilisha mtaa mzima. Chagueni sehemu tatu mbaya kuliko zote na mzifanyie kazi hizo.

Hatua ya pili: Tembeeni usiku pamoja na wanaoogopa

Ramani huonyesha palipotokea jambo. Haionyeshi njia ambayo watu wamekwisha kuikimbia, ambako hakutokei kitu kwa kuwa hakuna anayethubutu kupita. Ili kuijua njia hiyo, inabidi kutembea na watu wanaoizunguka.

Utaratibu wa matembezi ya namna hii ulianzishwa na wanawake wa Toronto, Canada, mwaka 1989. Baada ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi kuanzisha mpango wake wa miji salama mwaka 1996, Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kushiriki, na wanawake wa Manzese walitembea vichochoro vyao wakiandika wanachokiona. Kanuni zake hazijabadilika sana. Kundi liwe la watu 8 hadi 12, walio wengi wakiwa wanawake, na wawemo mwanafunzi, mzee na mtu mwenye ulemavu. Mtembee mara mbili: baada ya magharibi, wakati watu wanarudi kutoka kazini, na tena alfajiri mnamo saa kumi na moja, wakati wanaokwenda masokoni wanatoka. Viongozi wa kamati waende nyuma na wanyamaze. Nasisitiza kunyamaza, kwa sababu mwenyekiti akishaeleza kwamba kona fulani haina tatizo, hakuna msichana wa kidato cha pili atakayesema kwamba ina tatizo.

Katika kila sehemu, simameni na mjiulize: Je, ninaona umbali gani mbele yangu? Je, mtu anaweza kujificha wapi? Nikipiga kelele, nani atanisikia, na ataweza kunifikia kwa njia gani? Nikitaka kukimbia, kuna pa kutokea? Sehemu hii inatunzwa na nani? Majibu yaandikwe palepale, kwa sababu yanayokumbukwa kesho yake ofisini huwa yamekwisha kulainishwa.

Hatua ya tatu: Ondoeni kishawishi kabla ya kuongeza ulinzi

Kwa kila sehemu mliyoichagua, tafuteni kwanza ni kitu gani kinachomvuta mhalifu hapo. Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni wa Kirkholt, mtaa wa nyumba za halmashauri huko Rochdale, Uingereza, katika miaka ya 1980. Nyumba nyingi huko zilikuwa na mita za gesi na umeme zilizokuwa zikilipiwa kwa kutumbukiza sarafu, hivyo kila nyumba ilikuwa na kisanduku cha fedha ndani yake, na kila mwizi alijua kilipo. Mradi ulipoanza, mita hizo ziliondolewa katika nyumba zilizokwisha kuvunjwa, milango ikaimarishwa kwa kuangalia jinsi wezi walivyokuwa wameingia, na majirani wa karibu wakapangwa kuiangalia nyumba hiyo. Wizi wa kuvunja nyumba ulishuka hadi asilimia 40 ya kiwango chake cha awali ndani ya miezi mitano tu. Kilichowaongoza watafiti kuanzia kwenye nyumba zilizokwisha kuibiwa ni ugunduzi kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, na mara nyingi ndani ya wiki chache.

Kwetu hapa kisanduku cha sarafu kina sura nyingine, na kibanda cha wakala wa pesa za simu ni mfano wa wazi. Kibanda kilichogeuzia mgongo barabara, chenye dirisha linalofunguka uchochoroni, humwambia mwizi kwamba fedha zipo na mashahidi hawapo. Kigeuzeni kitazame barabara. Sogezeni kaunta ili mteja asimame pembeni ya dirisha, jambo litakalomzuia aliye nyuma yake kuona namba ya siri anayoibonyeza, na wekeni mstari chini unaoonyesha anayefuata asimame wapi. Hesabu kubwa za fedha zifanyike nyuma ya kizuizi kisichoonyesha ndani, ilhali uso wa kibanda ukibaki wazi.

Kukwapuliwa kwa simu na mikoba na watu wa pikipiki nako kuna dawa ya kisanifu. Mkwapuaji huhitaji kufika karibu na mpita njia bila kushuka na kuondoka bila kupunguza mwendo. Njia ya miguu iliyoinuliwa kwa ukingo wa zege, au iliyotenganishwa na barabara kwa safu ya miti, nguzo fupi au mtaro uliofunikwa vizuri, humnyima yote mawili. Mahali ambapo hakuna fedha za kujenga ukingo, matairi yaliyozikwa nusu na kupakwa rangi nyeupe yanaweza kufanya kazi hiyo kwa muda, mradi tu yaachiwe nafasi ya kupita kiti cha magurudumu.

Hatua ya nne: Fungueni macho ya mtaa

Hapa ndipo panapohitaji ushawishi mkubwa, kwa sababu mtaomba watu wapunguze kuta walizozijenga kwa jasho. Msiwaombe wabomoe. Waombeni wabadilishe sehemu ya juu. Ukuta wa tofali usiozidi mita 1 kwenda juu, ukifuatiwa na vyuma au matofali ya matundu hadi urefu anaoutaka mwenye nyumba, huzuia mtu kuingia kama ukuta mzima unavyozuia, lakini anayeruka huonekana kutoka pande zote mbili. Geti la bati tupu nalo linaweza kukatwa sehemu ya juu na kuwekwa vyuma. Fundi wa kuchomelea huimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Wapo watakaosema kwamba hawataki kuonwa ndani mwao, na dai hilo ni halali. Ujenzi wa pwani uliwahi kulijibu vizuri: roshani zenye kimia cha mbao katika Mji Mkongwe ziliwawezesha waliokuwa ndani kutazama barabara bila wao kuonwa. Matofali ya matundu yaliyopangwa kwa mshazari hufanya vilevile. Madirisha ya jikoni na sebuleni, ambako watu hukaa muda mrefu, ndiyo yaelekezwe barabarani. Ya vyumba vya kulala yanaweza kutazama uani.

Nyumba za zamani za Uswahilini, zenye kibaraza mbele na mlango unaofunguka moja kwa moja barabarani, ziko mbele kabisa katika jambo hili. Fundi anayemshauri mwenye nyumba ya namna hiyo ajenge ukuta mbele ya kibaraza chake anaondoa kitu ambacho mitaa ya kisasa inagharimia fedha nyingi kukipata.

Mimea isiachwe nyuma. Vichaka vya kando ya njia vikatwe visizidi urefu wa goti, na matawi ya miti yaanze mita 2 au zaidi kutoka ardhini, ili kati ya goti na kichwa pabaki wazi. Msikate miti. Huko Chicago, uchunguzi wa majengo 98 ya makazi ya umma, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba majengo yaliyozungukwa na miti na nyasi yalikuwa na uhalifu mdogo kuliko yale yaliyokuwa kwenye ardhi tupu, na sababu moja iliyotolewa ni kwamba kivuli huwatoa watu nje. Mwembe wenye benchi chini yake ni mlinzi wa mchana kutwa.

Kona za vichochoro zilizo kali zikatwe mshazari panapowezekana, hata kwa nusu mita, ili anayekaribia aone upande wa pili kabla hajafika. Penye ukuta usiokatika, kioo cha mviringo kama kile cha maegesho ya magari hutosha.

Kuhusu kufunga vichochoro kwa geti, niseme wazi kwamba sishabikii. Huko Liverpool na miji mingine ya Uingereza mageti yaliwekwa kwenye njia za nyuma ya nyumba, na wizi ulipungua, lakini njia hizo hazikuwa na kazi kubwa kwa umma. Uchochoro wa Tandale au Kibera mara nyingi ndiyo njia pekee ya kufikia choo, bomba la maji na barabara ya gari la wagonjwa. Ukiufunga, unawazuia watu wema wengi kwa ajili ya mmoja mbaya, na siku ya moto unaweza kuua.

Hatua ya tano: Taa, kwa mpangilio

Karibu kila kamati huanza na taa. Mimi nimeziweka katika hatua ya tano kwa makusudi, kwa kuwa taa ikiangaza ukuta mtupu mahali pasipo na mtu humsaidia mwizi kuona anachokifanya. Mwanga una faida pale ambapo kuna jicho la kuutumia.

Palipo na watu, faida yake si ndogo. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya muda ya taa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuyaacha mengine bila, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36 kule kulikowekwa taa. Nairobi nayo ina nguzo zake ndefu zenye taa kali katika makazi duni, ambazo wenyeji walizipa jina la Mulika Mwizi. Zinasaidia, hususan barabara kuu na sehemu za wazi ambako biashara sasa huendelea hadi usiku. Udhaifu wake ni wa aina mbili: nguzo moja ikizimika, eneo kubwa huingia gizani kwa mara moja; na mwanga unaotoka juu sana hauingii kwenye uchochoro mwembamba uliofunikwa na mabati ya paa, bali huacha kivuli cheusi zaidi kando ya mwanga mkali.

Kwa hiyo, kwa mitaa iliyosongamana, ninapendekeza taa nyingi ndogo badala ya chache kubwa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwekwa juu ya kila kibaraza na kuwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 3 na kidogo kwa mwezi, gharama ambayo kaya nyingi zinaweza kuimudu, au ambayo wapangaji wa nyumba moja wanaweza kuchangiana. Iwekeni juu ya mlango, itazame chini, iwe na kofia ya kuzuia mwanga usimpige mpita njia machoni, na iwe na swichi inayojiwasha giza linapoingia ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Kipimo ni rahisi: simama chini ya taa moja, mwenzako asimame hatua 15 mbele. Ikiwa unautambua uso wake, mwanga unatosha. Ikiwa unaona umbo tu, ongezeni taa katikati kabla ya kufikiria kuongeza ukali.

Taa za sola za barabarani zinavutia wafadhili, na katika sehemu zisizo na umeme ndizo pekee zinazowezekana, lakini betri zake huchoka baada ya miaka michache na nyingine huibwa. Kabla ya kupokea msaada wa taa hizo, kamati iulize nani atakayenunua betri ya pili. Asipopatikana, bora fedha hizo ziende kwenye balbu za vibarazani.

Hatua ya sita: Wapeni watu sababu ya kuwapo

Macho hayaji kwa amri. Huja kwa biashara, mazungumzo, michezo na kusubiri. Kamati inayotaka uchochoro mbaya upate walinzi wa bure imtafute muuza chipsi, mkaanga mihogo, fundi viatu au kinyozi aliye tayari kukaa hapo, impe nafasi nzuri, umeme na bomba karibu, pengine hata imsamehe ada ya mtaa kwa miezi ya mwanzo. Kibanda kilichofunguliwa hadi saa nne usiku kwenye mdomo wa uchochoro kina thamani kuliko kamera iliyofungwa kwenye nguzo, kwa sababu mwenye kibanda anawajua watu kwa sura na anaweza kumwita mtu kwa jina.

Ndiyo maana usafishaji wa jumla wa vibanda unahitaji hadhari. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa katika barabara nyingi za Dar es Salaam na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Njia za miguu zilipata nafasi, na hilo lilihitajika. Lakini mtaa unapopanga upya biashara zake, upange pia nani atabaki barabarani baada ya maduka kufunga milango. Vibanda vichache vilivyopangwa vizuri, vyenye mapengo ya kutosha na migongo isiyoziba njia, huleta utaratibu na uhai kwa wakati mmoja. Vilabu vya pombe viwe mbali na vituo vya daladala na njia za wanafunzi. Hapo macho yapo, ila si yale tunayoyahitaji.

Mfano wa Kiafrika unaostahili kuigwa ni wa Khayelitsha, Cape Town, ambako tangu katikati ya miaka ya 2000 jiji hilo, kwa fedha za benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW, lilishirikiana na wakazi kubadilisha sehemu zenye mauaji na unyang'anyi mwingi. Walianza kwa ramani ya matukio na ya njia ambazo watu huzitumia kwa miguu kwenda stesheni. Kando ya njia hizo wakajenga majengo madogo yenye sehemu ya juu iliyoinuka na kuwashwa taa, yenye mwangalizi na huduma za jamii ndani yake, yakiwa yamepangwa kiasi kwamba ukiwa kwenye moja unaliona linalofuata. Anayetembea usiku anajua daima kuna mlango wa kukimbilia mbele yake. Kamati isiyo na mfadhili inaweza kufanya jambo hilohilo kwa kuchagua maduka na nyumba kadhaa kando ya njia moja, kuzipaka rangi ileile inayoonekana mbali, kuzipa taa ileile, na kukubaliana na wenyewe kwamba mtu anayekimbia atafunguliwa.

Vijana wapewe kazi ya rangi hiyo. Picha ukutani iliyochorwa na vijana wa mtaa huo hukaa bila kuchafuliwa kuliko ile iliyoletwa na kampuni ya matangazo, na kijana aliyesimama wiki nzima akichora kwenye kona mbaya amekwisha kuirudisha kona hiyo kwa wenyewe.

Hatua ya saba: Mapagale, viwanja vitupu na vyoo

Pagale ni zahama ya pekee. Mwenyewe yuko mbali, kuta zipo, paa halipo, na milango iko wazi. Ofisi ya mtaa imtafute mwenyewe kwa maandishi, na wakati akisubiriwa ipate ridhaa ya kuziba milango na madirisha ya chini kwa matofali yasiyo na saruji nyingi, ambayo yatatolewa kirahisi ujenzi ukiendelea. Nyasi zikatwe. Viwanja vitupu visafishwe, vipandwe majani na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kuingilia, ishara kwamba vina mwangalizi. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini huko Philadelphia, Marekani, viwanja 541 viliwekwa katika jaribio la namna hii, na katika mitaa maskini zaidi matukio ya kutumia bunduki karibu na viwanja vilivyoshughulikiwa yalipungua kwa asilimia 29.

Vyoo vya pamoja viangaliwe kwa jicho la mwanamke anayekwenda saa nane za usiku. Mlango uelekee nyumba zenye watu, komeo liwe ndani, taa iwe nje na ndani, na njia ya kwendea isipite nyuma ya ukuta wa mtu. Kama choo kiko zaidi ya nyumba kumi kutoka kwa mtumiaji, tatizo haliwezi kumalizwa na taa. Kinahitajika choo kingine.

Namba za nyumba na majina ya barabara vilivyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 vipakwe upya pale vilipofutika. Anayepiga 112 kuwaita polisi au 114 kuwaita Zimamoto lazima aweze kusema yuko wapi kwa sentensi moja.

Hatua ya nane: Jaribuni kwa vitu vya muda, pimeni, kisha mwageni zege

Kila badiliko lianze kwa vifaa vinavyohamishika: mapipa yenye mchanga badala ya nguzo, benchi la mbao badala ya la zege, taa iliyofungwa kwa waya kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Acheni jambo likae miezi mitatu. Halafu lipimeni kwa kulinganisha matukio ya miezi hiyo na miezi ileile ya mwaka uliotangulia, kwani mwezi wa Ramadhani, msimu wa mvua na sikukuu za Desemba kila kimoja kina tabia zake. Lipimeni pia kwa kuhesabu wapita njia saa mbili usiku, wanawake na wanaume kila kundi kivyake, mahali palepale kabla na baada ya badiliko. Idadi ya wanawake ikiongezeka, mmefanikiwa hata kama daftari la matukio halijabadilika sana.

Swali litakaloulizwa mkutanoni ni kama wezi hawatahamia mtaa wa pili. Wengine huhama. Tafiti nyingi, hata hivyo, zimeona kwamba uhalifu hauhami wote, na mara nyingine mitaa jirani nayo hunufaika, kwa sababu mhalifu wa fursa hutafuta urahisi na hajui hasa ulinzi mpya unaishia wapi. Ili msibishane kwa hisia, ombeni mtaa wa jirani nao uweke daftari la namna moja na mkutane kila baada ya miezi mitatu.

Jambo likishindwa, liondoeni bila aibu na mjaribu kwingine. Likifaa, lijengeni kwa vifaa vya kudumu na mwandike kwenye karatasi moja nani anabadilisha balbu, nani anafyeka, nani anapaka rangi na fedha hutoka wapi. Nakala ya karatasi hiyo, pamoja na ramani na daftari, ikabidhiwe kwa mtendaji wa mtaa na kuhifadhiwa ofisini, kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano na kamati mpya isilazimike kuanza upya kuuliza ni kona ipi yenye giza.